Walithamini Hilux bila kufungua boneti

Nimelipa shilingi laki moja na nusu nikapewa karatasi yenye tarakimu moja, nayo si ya kweli. Ndiyo huduma ya ofisi moja ya kuthamini magari hapa Kampala. Niliwapelekea majuzi pikapu ya Hilux ya 1986, dizeli, injini ya 2L (jina la modeli, si lita mbili), wanipe bei ya haki ya kuiuzia.

Mthamini alitoka na kalamu tu. Akaangalia namba ya gari, akauliza mwaka, akapiga hesabu kwenye simu, kila mwaka na asilimia yake ya kukatwa. Nikamwambia, "Mzee, hata hujaiwasha." Akajibu bila kuniangalia, "Hiki ni chuma chakavu, ssebo. Wenye magari wanangoja." Akaandika milioni 4.

Gari la umri huu halithaminiwi kwa mwaka! Bei yake ilishamaliza kushuka zamani, kilichobaki ni hali yake. Tena tangu 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo Hilux za rika hili tulizonazo ndizo hizo hizo, na kila inayokatwa spea imekwenda.

Kazi yao ya kwanza ilipaswa kuwa kulala chini ya gari. Chesisi ya Hilux huoza nyuma ya kabini na pale springi za nyuma zinapofungwa, kwa sababu matope hujazana humo na hayakauki msimu mzima wa mvua. Unagonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito, na ukikichoma kwa bisibisi inazama. Ikizama, acha kupima mengine, hiyo sasa ni bei ya spea.

Injini nayo iwe imelala baridi usiku kucha. Fungua kifuniko cha rejeta, uwashe, utazame maji: mapovu yasiyokoma ni gasketi au silinda hedi iliyopasuka, ugonjwa wa 2L iliyowahi kuchemka. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma taratibu. Moshi ukipuliza kwa mapigo, ringi za pistoni zimechoka. Geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ndiyo inayomaliza ubishi: 2L yenye afya hufika kilo 30 na zaidi kwa sentimita mraba, chini ya 20 imekwisha, na silinda zikipishana kwa zaidi ya 5 ushushe bei hata kama asubuhi inawaka mara moja. Uliza pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, maana ukikatika vali zinagonga pistoni. Yote hayo hayafiki saa moja. Wao hawakutumia hata dakika tano.

Lakini nisiwaonee wote. Uani kwao kuna kijana anayeosha magari. Alikuja na sumaku aliyoifunga kitambaa, akaipitisha polepole kwenye bodi, na juu ya tairi la nyuma la kulia ikateleza ikaanguka. Puti ya kuzibia bodi, nene kama kidole. Akashika logbuku, yaani kadi ya gari, akasugua kwa brashi ya waya namba ya chesisi pale mbele kulia, akailinganisha hiyo na ya injini na zilizoandikwa humo. "Mzee, zote zinasomana," akaniambia. Hilo ni jambo kubwa, kwani gari lililobadilishwa injini bila karatasi linamtisha kila mnunuzi. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota mbili. Mkubwa wake akamfokea mbele yangu arudi kwenye ndoo.

Bei ya kweli hii hapa. Usichukue bei inayotajwa, chukua iliyolipwa, na uipate kwa wauzaji wasiopungua watatu, maana ya kutajwa imeshabeba kamisheni ya dalali. Nilizothibitisha mimi, kwa zenye chesisi nzima na karatasi safi, zilikaribia milioni 13. Kisha peleka orodha ya kasoro Kisekka, kwenye soko la spea, uulize spea pamoja na ufundi, ukate zote: kunyoosha bodi laki 6, tairi mbili laki 7, kupima na kusafisha noza nne za dizeli laki 2, bushi za springi laki moja na nusu. Inabaki milioni 11 na laki tatu na nusu. Rangi mpya usiijumlishe kabisa. Mnunuzi anayejua hupenda rangi ya kiwandani iliyofifia kuliko inayong'aa, kwa sababu ile haifichi puti.

Nilikuwa nimeshaanza kujiambia ni uvivu tu. Kesho yake dalali nisiyemjua akanipigia simu, akataja rangi ya pikapu, akasema ana milioni 4 mkononi, taslimu. Namba ya simu niliyowaandikia ofisini siku ile sijampa mtu mwingine anayejua habari za gari hilo. Nyota ile ya pili nimeiondoa. Yule kijana akifungua kibanda chake, hata kama ni kando ya barabara Ndeeba, gari lifuatalo nampelekea yeye.