Kigari cha kumtembezea mtoto mwenye ulemavu hapa Tanga: kipi cha kwanza, kipi cha mwisho

Idi ikikaribia, wazazi wenye watoto wasiotembea huulizana lile lile: safari hii tunamtoaje? Alipokuwa mdogo alibebwa kwa mbeleko, na mbeleko ni kifaa kizuri kuliko inavyosifiwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi, akikaa mgongoni mapaja hupanuka na misuli hulegea kidogo. Ila mtoto hukua. Akishafika kilo 15, mgongo wa mama ndio unaolipa. Hapo sasa watu hukimbilia kununua kigari cha kwanza wanachokiona kina rangi nzuri, na baada ya mwezi kigari kimekuwa cha kuwekea nguo chafu.

Mpangilio huu ni wangu, nao unafuata mambo mawili tu: kikao kwanza, magurudumu pili. Kishikio cha chupa, mfuko wa pembeni na rangi havina maksi.

Kabla ya kwenda popote, mpime mtoto. Chukua futi ya fundi cherehani, mkalishe kwenye benchi na mtu mmoja amshike. Pima upana wa nyonga, uongeze sentimita mbili hivi. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, upunguze sentimita tatu ili ukingo wa kiti usimbane mishipa ya nyuma ya goti. Mwisho pima kutoka goti hadi kisigino, maana miguu inayoning'inia humvuta mtoto mzima ateleze mbele. Andika kwenye simu. Wapo wanaonunua kikubwa kusudi "akue nacho", kama sare ya shule. Kwa mtoto asiyejimudu kiwiliwili hilo ni kosa la gharama, kwa sababu kiti kikipwaya atalalia upande mmoja kutwa, na mgongo utajifunza kupinda.

Cha kwanza: kiti mwendo cha mtoto, cha kupimwa

Kama mtoto hashiki shingo au hawezi kukaa bila kushikiliwa, usihangaike na kitu kingine. Tafuta kiti mwendo cha mtoto chenye kikao kinachoinama chote kwa pamoja, yaani mgongo na makalio vinarudi nyuma bila pembe ya nyonga kubadilika. Hii ni tofauti kabisa na kiti ambacho mgongo peke yake ndio unalala. Mtoto mwenye misuli inayokaza, ukimlaza mgongo tu, hujinyoosha kama ubao na kuteleza hadi mkanda unamfika kifuani au shingoni. Kikao kikiinama chote anatulia, anapumzika, na anaona watu.

Mkanda ulio muhimu kuliko yote ni wa nyonga. Upite chini, pale paja linapokutana na kiuno, ukivuta kwa mshazari kuelekea nyuma na chini. Ukipita tumboni haumzuii, unambana tu. Na ufunguke kwa mkono mmoja: watoto wengi wenye mtindio wana kifafa pia, na degedege likianza hutaki kuhangaika na vifungo vinne.

Kwa barabara zetu chagua chenye gurudumu la mbele lililokaa mbali na miguu ya mtoto, hasa cha magurudumu matatu. Tairi ndogo zilizo chini ya miguu huzama kwenye mchanga na kiti kizima kinapiga mbizi.

Kiti hiki hakinunuliwi kama sufuria. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo unataka mtoto apimwe, kiti kirekebishwe akiwa amekikalia, mlezi afundishwe, kisha afuatiliwe. Kwa hiyo anza kwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa, Bombo, umwombe maelekezo. Kwa kazi kubwa zaidi watu huenda hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, au ya KCMC Moshi, ambako chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu miaka ya 1980.

Kuhusu viti vya msaada vinavyogawiwa kwa mkupuo mbele ya kamera, vyote vya kipimo cha mtu mzima, semeni asante, pigeni picha, halafu nendeni kwa mtaalamu mkaulize kama kinaweza kurekebishwa. Mtoto wa miaka mitano kwenye kiti cha baba mtu hajasaidiwa bado.

Kasoro yake ni uzito. Kukipakia kwenye bajaji pamoja na mtoto, mama na kapu la chakula ni kazi.

Cha pili: kigari cha mtumba cha magurudumu matatu ya upepo

Hapa ndipo pana uhondo, na hapa ndipo Tanga inatuzidishia bahati. Hivi ni vigari ambavyo Wazungu huvisukuma wakikimbia asubuhi. Vina tairi kubwa za kujaza upepo, gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Vinakuja na mitumba, na muuzaji mara nyingi hajui alicho nacho. Kwa mtoto anayeshika shingo lakini anachoka kukaa, au mwenye usonji anayetembea vizuri ila akizidiwa na kelele anatimua mbio, kigari hiki kikitengenezwa vizuri kinatosha.

Sababu ya kukipa nafasi ya pili ni spea. Angalia ubavuni mwa tairi. Ukiona 12½ × 2¼, hiyo ni tairi ya baiskeli ya mtoto. Ya nyuma huwa inchi 12 au 16. Tyubu zake zinapatikana kwa wauza spea za baiskeli, na katika mji huu wa baiskeli huwezi kukosa fundi wa kuziba pancha. Kigari chenye tairi ya kipimo cha ajabu kiache, hata kikiwa kipya.

Ukikikuta sokoni usianze na bei.

"Mama, hiki cha Uingereza hiki, kimekuja na kontena juzi."

"Sawa kaka. Hebu kigeuze juu chini."

Akishakigeuza, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Linalozunguka kimya na kusimama taratibu ni zima. Linalokwaruza lina beringi zilizoliwa. Shika rimu, itikise kushoto na kulia: ikicheza, kuna kitu kimelegea. Chunguza maungio ya fremu, pale rangi inapotoa malengelenge, kwa sababu kutu huanzia ndani. Kirudishe chini, kikunje na kukikunjua mara kadhaa, usikilize kama kufuli lake linaingia. Kisha omba gunia la unga la kilo 25 duka la jirani, liweke kwenye kiti, funga breki, usukume kwa nguvu. Kikisogea, hizo si breki. Ukimaliza haya yote, muuzaji mwenyewe atakuwa ameshashusha bei.

Ukifika nyumbani peleka kwa mafundi. Kikao cha vigari hivi ni kitambaa kinachobonyea, na mtoto mwenye mtindio akibonyea magoti yanakutana. Seremala akukatie ubao wa kipimo chako wa kuweka chini, juu yake sponji ngumu ya godoro, si ile inayolala ukiigusa. Katikati ya mapaja weka kijimto cha kuyatenganisha. Pembeni mwa kiwiliwili weka mito miwili myembamba. Fundi viatu ashone mkanda wa nyonga, maana uzi wake ndio wa kuaminika. Usimruhusu mtu kuchomelea fremu ya alumini kwa vifaa vya chuma. Haishiki, na itakatikia njiani.

Gurudumu la mbele likiwa linazunguka pande zote, lina kitufe cha kulifunga linyooke. Lifunge kwenye mchanga, lifungue mjini.

Cha tatu: kigari kikubwa cha kukunja

Hivi vimetengenezwa kwa ajili ya watoto wakubwa wenye ulemavu. Kinachojulikana zaidi ni Maclaren Major, ndugu mkubwa wa vile vigari vya kukunja alivyovibuni Mwingereza Owen Maclaren miaka ya 1960. Ni vyepesi, vinakunjika, vinaingia kwenye bajaji bila ugomvi. Kwa mtoto mwenye usonji, au wa moyo anayeishiwa pumzi, ni vizuri sana, na kofia yake humpa mahali pa kujificha watu wakizidi. Kwa mwenye mtindio mkali sikishauri: kikao ni cha kitambaa. Na tairi zake ni ndogo na ngumu, zinafaa lami ya mjini, si vichochoro vya mchanga.

Kama shangazi yuko Muscat au London na anataka kutuma, mwambie ankara itaje wazi kwamba ni kifaa cha mtu mwenye ulemavu. Kwenye forodha viti vya walemavu viko kundi la 8713 na vigari vya watoto wachanga kundi la 8715, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ina msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa walemavu. Kikiandikwa "kigari cha mtoto" tu, utabishana bandarini huku jua linakuwakia.

Cha mwisho: kigari cha mwavuli

Kile chepesi kinachokunjika kama mwavuli ndicho kilichojaa madukani, na ndicho nisichotaka ununue. Vingi vimepimwa kubeba kilo 15 tu, magurudumu yake ni ya plastiki, na kikao kinamkunja mtoto. Kinafaa kwa mdogo wake.

Na kukodi je? Kwa hapa kwetu kukodi ni kuazimana, na ukiazima, lile gunia la unga linakuhusu vile vile. Wanaokwenda mbali wasidhani huko ni pepo. Walt Disney World, bustani ya burudani ya Florida, Marekani, hukodisha vigari vya plastiki ngumu, na kwa mtoto mmoja mwisho ni kilo 22 na ushei. Kwa mtoto asiyejimudu kukaa havifai. Wazazi wenye uzoefu huenda na cha kwao, kisha huomba alama maalumu inayokifanya kihesabiwe kama kiti mwendo kwenye foleni.

Sasa mnakwenda wapi? Raskazone nendeni maji yakipwa, mpite kwenye mchanga mbichi ulioshindiliwa. Mkikwama kwenye mchanga mkavu geuzeni kigari, mkivute kinyumenyume. Tongoni, kwenye msikiti wa kale na makaburi yake yapatayo 40, kigari cha tairi kubwa kinapita kati ya majani, mradi msikipitishe juu ya mawe ya watu. Mapango ya Amboni hayana gurudumu linaloingia: giza, ngazi, na mahali pa kupita kwa kuinama. Mmoja abaki nje na mtoto kivulini, au abebwe mgongoni na mtu mwenye kifua.

Popote mwendapo, kanga isifunike kigari kizima. Inaonekana kivuli, kumbe ndani hewa haitembei na joto linapanda haraka. Funga mwavuli kwenye fremu. Mkoba mzito usiutundike kwenye mpini, mtoto akishuka kitabinuka. Chakula mlishe akiwa ameketi wima, hata kama amelala vizuri namna gani.

Mkirudi kutoka pwani, kioshe siku hiyo hiyo kwa maji baridi ya bomba, hasa ekseli na maungio ya kukunjia, ukianike kivulini. Kikikauka, paka grisi kwenye ekseli. Grisi, si mafuta ya kupikia.