Faharasa ya vizazi ya GRO, Uingereza: imenipatia mama wawili badala ya mmoja

Bibi yangu wa Shella, hapa Malindi, ana barua moja tu ya baba yake. Alikuwa Mzungu wa Ipswich, mzaliwa wa 1905, aliyekuja pwani baada ya vita akaondoka bibi akiwa na miaka miwili. Barua ina majina yake matatu, basi. Mwaka huu akaniambia, "Mwanangu, nitafutie watu wake nami niko hai."

Nilianza vibaya. Tovuti moja ya kulipia, jina silitaji, ilinipa siku kadhaa za bure, nikasahau kujitoa, ikakata pesa kwenye kadi ya ami yangu. Ami hunikumbusha kila tukitoka msikitini. Nikahamia GRO, ofisi ya serikali yenye kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales tangu Julai 1837. Kufungua akaunti na kutafuta ni bure, unalipa ukiagiza nakala.

Fomu yake ya kutafutia ina ukaidi. Lazima uchague mwanamume au mwanamke, na mwaka huwezi kuupanua zaidi ya miwili nyuma na miwili mbele, kwa hiyo utarudia rudia mpaka bando liishe. Lakini inakupa kitu ambacho nasaba zetu hazikupi: ukoo wa mama kabla hajaolewa. Sisi tunahesabu fulani bin fulani bin fulani mpaka tufike Hadhramaut kule Yemen, mama hatajwi. Kule, watu wakigongana majina, ukoo wa mama ndio unaowatenganisha. Nikakuta watoto wanne wa Ipswich, kuanzia 1898 hadi 1905, ukoo wa baba mmoja na ukoo wa mama mmoja. Nikachora mti, nikampigia bibi simu kwa mbwembwe.

Mti ulikuwa wa uongo. Mama mmoja wa Suffolk, jimbo lenye Ipswich, mjukuu wa yule wa 1898, nilimwandikia naye akanijibu kwamba mama mzazi wa babu yake alizikwa 1903. Sasa marehemu azaeje 1905? Nikaagiza nakala mbili za PDF, pauni chache, zikaingia kwenye akaunti baada ya siku kidogo. Ni kwenye nakala yenyewe, si kwenye faharasa, ndiko jina kamili la mama linakoonekana, pamoja na kazi ya baba na anwani ya aliyeandikisha. Ukoo ule ule, jina la kwanza jingine. Dada wawili!

Mke alikufa, mume akabaki na shemeji yake. Kwetu jambo hilo lingekwisha kwa kadhi na sinia ya pilau. Kule sheria ilimkataza mtu kumuoa dada wa marehemu mkewe mpaka ilipobadilishwa 1907. Basi nikaitafuta sensa ya 1911, ambamo wake waliulizwa wana miaka mingapi kwenye ndoa. Imeandikwa mitatu. Na chini yake, kwenye karatasi hiyo hiyo, yuko baba yake bibi, umri miaka mitano.

Kwa hiyo GRO naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile fomu. Na PDF isikudanganye: ni ya kusoma tu, haina nguvu ya kisheria. Ukitaka cheti cha kupeleka kwenye mambo ya pasipoti, agiza kile cha karatasi.

Yule mama wa Suffolk naye alinifafanulia undugu wetu kwa hesabu ya kwao: mimi na yeye ni binamu wa pili, wa nusu (wazee wetu ni wa baba mmoja, mama tofauti), tena "aliyeondolewa mara moja". Nikajiuliza nani kaondolewa, na kaondolewa wapi. Kumbe maana yake tumepishana kizazi kimoja. Nilikesha siku mbili na kalamu ndipo ikaniingia.

Nikampelekea bibi karatasi zangu zote. Alikuwa anakunywa chai na mahamri. Sijamaliza hata kufungua ya pili akasema, "Baba mmoja, mama zao ndugu. Basi wale wakubwa walilelewa na khalati yao." Akachovya hamri. Kisha akauliza kama huyo mama wa Suffolk ana picha ya huyo khalati.

Anayo. Nimeshamwandikia.