Kompresa ya AC: mtumba au mpya?

Kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) ya Toyota IST ikifa, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, utaonyeshwa aina mbili. Ya mtumba kutoka Japani ni ya kampuni yenyewe na bei inavumilika, ila oili yake hunyonya unyevu: ikikaa dukani matundu wazi, ikatae. Zungusha sahani ya klachi kwa mkono, ikikwaruza, rudisha. Mpya ya bei poa huja safi, lakini ubora wake ni bahati nasibu. Mimi huchukua mtumba uliozibwa.

Yoyote utakayofunga, kama ya zamani ilisagika, chenga za chuma zimeshasambaa: safisha mabomba, badilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu), vuta hewa yote kwa pampu ndipo ujaze gesi ya R134a. Fundi anayeruka hapo (wapo wengi) atakuulia na ya pili.