Marejesho ya mkopo HESLB: kulipa ni chapu, kazi iko kwenye rekodi

Kwenye kupokea pesa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania (HESLB) wako vizuri. Unachukua kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, unalipa kwa simu au benki kama unavyolipa malipo mengine ya Serikali, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia. Hapo hatuna neno.

Kwa mwajiriwa, kiwango ni 15% ya mshahara wa msingi. Hadi 2016 kilikuwa 8%. Chukua mshahara wa 800,000. NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) 80,000, PAYE (kodi ya mshahara) 60,000, Bodi 120,000. Mkononi unabaki na 540,000, kabla hujagusa mkopo wa benki wala mchango wa harusi. Deni la 9,600,000 kwa kasi hiyo linaisha kwa miezi 80. Angalau sasa linaisha kweli: ile tozo ya 6% kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa Julai 2021. Kwa deni hilohilo tozo ilikuwa 576,000 kwa mwaka, sawa na 48,000 kwa mwezi, kwa hiyo katika ile 120,000 kilichogusa deni lenyewe ni 72,000 tu.

Aliyejiajiri ndiye anayebanwa. Kima cha chini kwake ni 100,000 kwa mwezi. Mwajiriwa wa mshahara wa 500,000 anakatwa 75,000, lakini mhitimu anayeuza mitumba na kupata pungufu ya 500,000 anadaiwa zaidi yake. Hapa kanuni haijamtendea haki.

Shida kubwa ni rekodi. Mwajiri halipi mmoja mmoja. Hutuma fedha za wote kwa mkupuo, na orodha ndiyo inayosema nani kakatwa ngapi. Kinachokutambulisha kwenye orodha hiyo si jina, ni namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kwa mtindo wa S0123/0045/2012. Mhasibu akikosea tarakimu moja, slipu yako itaonyesha umekatwa huku deni Bodi halijasogea. Waliorudia mtihani wawe macho zaidi: wana namba ya S (ya mwanafunzi wa shule) na ya P (ya mtahiniwa wa kujitegemea), na inayotakiwa ni ile waliyoombea mkopo. (Jina la ndoa halina madhara kama namba iko sawa.)

Kwa hiyo usisubiri mwaka uishe. Baada ya makato ya pili, ingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni, fungua taarifa ya deni na uilinganishe na slipu. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, hivyo makato ya Machi yasipoonekana mwishoni mwa Aprili, anza na mhasibu wako kabla ya kwenda Bodi. Beba slipu, namba ya mtihani na kontrol namba aliyolipia mwajiri. Ukikosa hiyo ya mwisho, utarudishwa kazini kuifuata.

Deni likibaki la miezi mitatu, omba taarifa mpya na uanze kufuatilia barua ya kumaliza deni. Makato hayajizimi yenyewe. Mwajiri anahitaji karatasi mkononi, na orodha ya mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya mwezi kuisha. Ukiipeleka barua tarehe 25, 120,000 ya mwezi huo imeshaondoka, na kuidai irudi ni safari nyingine.