Vikombe, fulana na mito kwenye studio ndogo ya picha: mashine ipi ununue kwanza

Mteja akishachukua albamu yake ya harusi huwa hatoki mara moja. Anafungua tena ukurasa ule anaoupenda, anatazama, halafu anauliza: "Kaka, hii huwezi kunitolea kwenye kikombe?" Mimi kwa muda mrefu nilikuwa namwelekeza kwa jirani mwenye mashine. Mwanga nimehangaika nao mimi, picha nimesafisha mimi mpaka saa sita usiku, faida ya kikombe anakula jirani.

Nilipoamua kununua vya kwangu, nilinunua kwa mpangilio wa kichwa chini miguu juu. Huu hapa ni mpangilio ambao ningeufuata leo. Studio yangu iko Morogoro na vifaa nafuata Kariakoo, ambako bei hupanda na kushuka kila kontena linapoingia, kwa hiyo sipangi kwa bei. Napanga kwa kipimo kimoja tu: kifaa hiki kitarudisha pesa yake haraka kiasi gani mikononi mwa mtu ambaye tayari ana kamera, ana wateja, na hana nafasi ya kuweka kiwanda?

Kabla ya orodha, elewa kitu kimoja kitakachokuokoa na hasara nyingi. Wino wa sablimesheni unachapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi inabanwa kwa moto juu ya kitu. Ukipata joto kali hugeuka mvuke, mvuke ukaingia ndani ya poliesta, na ukipoa unabaki humo. Inapokosekana poliesta, wino hauna pa kushika. Fulana ya pamba itatoka na picha nzuri siku ya kwanza, ikifuliwa mara mbili imekuwa kivuli. Kikombe cha kawaida cha chai nacho hakifai. Cha kazi hii kimepakwa utando maalumu unaoshika wino huo juu ya udongo. Na wino huo hauna rangi nyeupe. Weupe wa meno na wa shela la bibi harusi unatokana na weupe wa kitu chenyewe, ndiyo maana fulana nyeusi haiwezekani kwa njia hii, hata mteja akisisitiza vipi.

Nafasi ya kwanza: printa ya sablimesheni na mashine ndogo ya vikombe

Nazihesabu kama kifaa kimoja kwa sababu moja bila nyingine ni pambo. Kikombe ni bidhaa ambayo haina saizi, haina jinsia, na haipitwi na msimu. Kipaimara, mahafali, arobaini ya mtoto, siku ya mama, mwalimu anayestaafu: wote hao wanakunywa chai.

Mashine yenyewe ya vikombe ni ndogo kama pasi mbili zilizosimamishwa, na nyingi hula wati 300 hadi 400 tu, kwa hiyo LUKU haitakulilia. Chagua yenye mkanda wa joto unaobana kikombe sawasawa juu na chini. Ukiwa dukani usikubali kuoneshwa ikiwa imezimwa. Iwashe, iache ifike nyuzi 180, weka kikombe na karatasi yenye mstari mzito wa rangi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, subiri dakika tatu hivi. Mstari ukitoka umekolea katikati na kupauka pembeni, irudishe rafuni.

Printa ndiyo inayohitaji akili zaidi. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya sablimesheni, kama Epson SureColor F100. Ya pili, ambayo ndiyo iliyozoeleka, ni kuchukua printa ya matangi ya wino ya kujaza mwenyewe, ambayo bado haijatiwa wino wowote, na kuitilia wino wa sablimesheni tangu siku ya kwanza. Ukifanya hivyo usitegemee tena waranti ya mtengenezaji. Kwa mpiga picha mimi ningekwenda kwenye yenye rangi sita, kama Epson L8050 iliyorithi kazi ya L805, badala ya zile za rangi nne kama L3250. Rangi mbili za ziada ni bluu hafifu na waridi hafifu, na kazi yake unaiona mahali ambapo mteja anatazama kwanza: shavuni. Ngozi inapotoka kwenye mwanga kwenda kivulini, rangi nne huacha vidoa vidoa, sita hupita taratibu.

Na tukiwa kwenye ngozi, hili halisemwi sana madukani. Wino wa bei ya chini bila profaili yake ya rangi, yaani faili la ICC linaloielekeza kompyuta rangi za wino huo zitoke vipi, huwatendea vibaya watu weusi. Kijana mweusi tii anatoka na ukijani kama mgonjwa, dada wa maji ya kunde anakuwa mwekundu kama kachomwa na jua. Muuzaji wa wino mwulize hivi: "Faili la ICC la wino huu unalo?" Asipoelewa swali, hamia duka la pili. Ukilipata, chapa uso mmoja mweusi, mmoja wa maji ya kunde na mmoja mweupe kwenye kipande kimoja, uchome (yaani ubane kwenye mashine ya joto), ndipo uamue kununua lita nzima. Usihukumu kwa karatasi, maana kwenye karatasi rangi huwa zimepauka na kusikitisha. Zinafufuka kwenye moto.

Kosa langu mimi lilikuwa la uchoyo. Nilikuwa na printa nzuri ya pasipoti saizi, nikasema kwa nini ninunue ya pili? Nikakausha matangi, nikatia wino wa sablimesheni. Vikombe vilitoka vizuri. Jumatatu asubuhi wakaja wanafunzi sita wanataka pasipoti, na nyuso zao kwenye karatasi ya picha zikawa za mavumbi, kama zimepigwa nyuma ya pazia. Nilirudisha hela za watu sita, na kusafisha mirija kukanila siku mbili na chupa nzima za wino. Printa ya pasipoti iache iendelee kulisha nyumba.

Printa hizi pia hazipendi likizo. Ikikaa wiki mbili bila kuchapa, kichwa kinaziba. Mimi kila baada ya siku mbili natoa kipande kidogo chenye rangi zote, hata kama hakuna oda.

Sasa kazi yenyewe. Eneo la picha kwenye kikombe cha kawaida ni kama sentimita 20 kwa 9, yaani ukitaka nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya pikseli 2,362 kwa 1,063. Picha ambayo mteja amekutumia WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi haifiki hapo. Mwambie aitume kama dokumenti. Ya kwako unayo kamili, na hapo ndipo unapomzidi jirani mwenye mashine. Geuza picha kama kwenye kioo, la sivyo jina litasomeka kinyumenyume. Ifunge karatasi ibane kabisa kwa utepe unaostahimili joto. Ukiacha nafasi ya unene wa kucha tu chini ya karatasi, mvuke unapita na picha inapata kivuli. Ikitoka, bandua karatasi ingali moto, uache kikombe kipoe chenyewe juu ya mbao. Wapo wanaokitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Wapo pia wanaookota vipande.

Vikombe vitupu huja katoni ya 36. Usinunue katoni kabla ya kuchoma kimoja. Niliwahi kuuziwa katoni nzima ambayo nusu yake haikuwa na utando. Kwa macho vyote viling'aa. Sponji ya mteja ndiyo iliyonipa habari.

Nafasi ya pili: presi bapa ya sentimita 38 kwa 38

Hii ni mashine ya kubana vitu bapa kwa joto, na inakufungulia fulana za poliesta, foronya za mito, saa za ukutani za mbao zilizopakwa utando, mabamba ya alumini na fumbo za picha za watoto. Kwa studio ya picha, mto ndio mwenzake kikombe: foronya nyeupe ya satini ni poliesta tupu, inapokea rangi kwa furaha, na ukiikunja inasafiri na basi bila kuvunjika. Alumini ni ghali zaidi lakini picha yake inaingia sebuleni kwa watu ambao kikombe wangekiona kitoto.

Zipo zinazofunguka kama mdomo wa mamba na zipo ambazo bamba la juu unalisukuma pembeni. Ya mamba inabana mahali padogo, ila mkono unapita karibu na moto, na kitu kinene hakibanwi sawa nyuma na mbele. Ukiwa na nafasi, chukua ya kusukuma pembeni. Jaribio la dukani ni rahisi: mashine ikiwa baridi, weka kipande cha karatasi kila kona, funga, uvivute kimoja kimoja. Kimoja kikichomoka kirahisi na vingine vimegoma, bamba halijakaa sawa, iache hapo hapo.

Presi hii hula wati 1,400 na kuendelea. Chomeka ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itayeyuka, nimeinusa harufu yake.

Kitambaa kwa kawaida ni nyuzi 190 hadi 200, sekunde 45 hadi 60. Mteja akileta fulana yake mwenyewe na kukuapia kwamba ni poliesta, chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome kwa kiberiti. Pamba inaacha majivu na harufu ya karatasi. Poliesta inajikunja na kuwa tone gumu. Hata kanga waliyoniletea kina mama wa kikoba waweke sura ya mwenyekiti wao ilishindwa mtihani huo. Niliwaelekeza kwenye nafasi ya tatu hapa chini.

Nafasi ya tatu: kuagiza DTF kwa mita

Hii si mashine, na ndiyo uzuri wake. DTF (kwa Kiingereza "direct to film") inachapwa kwenye filamu, ina wino mweupe chini ya rangi na unga wa gundi mgongoni, kwa hiyo inashika pamba, inashika nyeusi, inashika kanga. Watu wenye mashine kubwa wanakuchapia kwa mita. Wewe unapanga picha zako zote za wiki kwenye mita moja bila kuacha mapengo, unatuma faili, roli linakuja na basi, unakata kwa mkasi na kubandika kwa presi yako bapa kwa nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Aliyekuchapia akuambie kama filamu yake inabanduliwa moto au baridi. Ukikosea, nusu ya bwana harusi inabaki kwenye filamu.

Kasoro yake: picha kubwa ya mraba kifuani inakaa kama kiraka cha mpira, na Morogoro ya mwezi wa pili haivumilii kiraka. Kata watu peke yao, ondoa mandhari ya nyuma.

Nafasi ya nne: mashine ya beji

Ya mkono, haihitaji umeme, saizi inayotoka sana ni milimita 58. Nunua tu kama una misiba, kampeni au mahafali karibu. Hapa kwetu vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe vikifika msimu wao, mashine hii inafanya kazi kuliko mimi. Baada ya hapo inalala.

Nafasi ya tano: ile ya "nane kwa moja"

Ndiyo niliyoanza nayo mimi. Kikombe, sahani, kofia, fulana, vyote kwenye boksi moja, na muuzaji anaitaja kama ana hirizi. Tatizo ni kwamba kila unapohama kutoka fulana kwenda kikombe unazima, unasubiri ipoe, unafungua, unachomeka waya mwingine, unasubiri ipate moto. Mteja mwenye haraka amekwenda. Waya zenyewe kwa kuchomekwa na kuchomolewa zinalegea, na kiambata cha kofia mimi nimekitumia mara mbili. Kama mtaji unaruhusu kimoja tu, rudi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya mwisho: printa yako mwenyewe ya DTF

Wino mweupe unatuama chini kama tope, unataka kutikiswa na kuzungushwa kila siku, na unga wake unataka chumba chenye hewa. Bila oda za fulana kila siku ya Mungu, utakuwa unalisha mashine badala ya yenyewe kukulisha.

Bei ya kuuzia

Wengi wanahesabu kikombe na kusahau kilichoharibika. Tuseme kikombe kitupu kimekufikia kwa 4,000, karatasi na wino 400, boksi la zawadi 500. Ukichoma kumi na kimoja kikaharibika, umetumia 48,500 kupata tisa, yaani kama 5,400 kila kimoja, kabla ya umeme, pango na muda wako. Boksi usilibanie. Kikombe kikiwa kwenye mfuko wa rambo mteja anaomba punguzo. Kikiwa kwenye boksi lenye dirisha hakumbuki.

Akija mtu na nembo ya Simba au Yanga aliyoidaka mtandaoni, mwambie hapana kwa upole. Nembo ina mwenyewe. Kumpiga mtu picha pia hakukupi ruhusa ya kuiweka dirishani, na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si suala la adabu peke yake. Kikombe changu cha mfano kina sura ya mama yangu, nilimwomba, akakubali. Kila akipita dukani anauliza wangapi wamekinunua wiki hii, na fungu lake liko wapi.