King'ora cha kaboni monoksidi cha betri kwa nyumba za Mtwara

Kinafaa kununuliwa, hasa kwa nyumba inayopikia mkaa ndani wakati wa masika, madirisha yamefungwa, au inayowasha jenereta barazani umeme ukikatika. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, watu wakadhani uko salama. Kumbe ndipo kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inapojaa chumbani. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ubongo huumia mapema: kichwa kuuma, kizunguzungu, kuchanganyikiwa. La kutisha zaidi, mtu anaweza kupata nafuu kabisa, kisha baada ya siku 2 hadi 40 akaanza kusahausahau, kubadilika tabia na kukokota miguu. Wakati huo nani atakumbuka lile jiko?

Chagua chenye alama ya EN 50291, kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya gesi hii. Gesi ikifika chembe 50 katika kila chembe milioni za hewa, king'ora hulia baada ya dakika 60 hadi 90. Ikifika 300, ndani ya dakika 3. Chumbani kitundike usawa wa kichwa cha aliyelala.

Kasoro yake: kwa vingi, kitufe cha majaribio hupima betri na mlio tu, si kihisio, yaani sehemu inayotambua gesi. Kihisio huchakaa baada ya miaka 5 hadi 10, kwa hiyo soma tarehe iliyo mgongoni kabla hujalipa.

King'ora kikilia, tokeni wote nje. Hospitalini semeni wazi kwamba mkaa ulikuwa ndani, maana kipimo cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya kawaida ilhali damu imejaa sumu.