Filta ya Giza ya Stopu 6 kwenye Miamba ya Matema

Kwa anayepiga picha alfajiri kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, kati ya Matema na Ikombe wilayani Kyela, filta hii ya kufunga mbele ya lenzi inastahili bei yake, ingawa ina kasoro moja ambayo mnunuzi anapaswa kuijua mapema. Kwa kuwa kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu, stopu 6 huupunguza mara 64; hivyo picha ambayo ingechukua nusu sekunde huchukua sekunde 32, na katika muda huo mawimbi yanayovunjika kwenye mawe hugeuka kama ukungu mweupe, huku miamba yenyewe ikibaki na kila ufa wake. Milima ya Livingstone, iliyosimama upande wa mashariki, huchelewesha jua kufika ufukweni, hivyo mpiga picha hupata muda mrefu wa mwanga laini, na hapo ndipo filta hii inapong'ara. Jua likishapanda, ya stopu 10 ingefaa zaidi.

Kasoro yenyewe ni rangi: picha hutoka na ubuluu kidogo, hasa kwenye povu, lakini ukipiga kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, unasahihishika bila shida. Hesi za fremu hazikwami hata vidole vikiwa vimelowa. Matone ya ziwa hili, kwa kuwa hayana chumvi, hufutika kwa kitambaa kikavu bila kuacha utando. Lenga kwanza ndipo uifunge filta, kisha ziba kitundu cha kuchungulia cha kamera, maana mwanga unaopenya kwa nyuma huharibu picha. Tripodi nyepesi haifai hapa, kwani wimbi moja likigonga miguu yake picha nzima hutikisika.